Majengo ya Kale na Mafuriko Morogoro: Kinga Huanzia Mlimani

MOROGORO – Mji wa Morogoro umewahi kupoteza jengo lake mashuhuri kuliko yote kwa mafuriko ya masika moja. Ilikuwa mwaka 1872, na jengo lenyewe lilikuwa ngome ya Kisabengo, mtawala mwenye asili ya Kizigua aliyejenga makao yake chini ya Milima ya Uluguru, kando ya njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Mji huo uliitwa Simbamwene, jina ambalo binti yake aliyemrithi alipewa pia.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871, akiwa safarini kumtafuta David Livingstone. Aliukuta mji uliozungushiwa ukuta wa mawe, wenye minara pembeni na malango manne ya mbao ngumu zilizotiwa nakshi. Aliporejea mwishoni mwa Aprili 1872, upande wote wa mbele wa ukuta ulikuwa umechukuliwa na maji pamoja na nyumba zipatazo 50. Mtawala alikuwa amehama, na mto ulikuwa umejichimbia njia mpya mbali kidogo na mji. Stanley alieleza pia chanzo cha maafa hayo, chanzo ambacho mhandisi wa leo angekitambua mara moja. Enzi za uhai wake, Kisabengo alichimba mfereji wenye kina ili kulileta tawi la Mto Ngerengere karibu na ngome. Mfereji huo, uliokuwa fahari ya mji, ndio ulioyaonyesha maji njia ya kuingilia.

Leo hakuna ukuta wa Simbamwene wa kumwonyesha mgeni. Hata hivyo, suala lililoiangusha ngome ile bado liko mezani kila mwaka wa bajeti, pale Halmashauri, wakala wa barabara au bodi ya maji inapoamua mtaro upite wapi, tuta liinuliwe kiasi gani na nyumba ipi ibomolewe ili mto upate nafasi. Serikali ina wajibu wa kulinda maisha na mali za wananchi dhidi ya mafuriko. Ina wajibu pia wa kuhifadhi malikale za Taifa. Mara nyingi wajibu hizo mbili hukutana katika kiwanja kimoja, na makala haya yanaeleza zinavyokutana na namna ya kuzipatanisha.

Maji yanakotoka

Kata ya Mkuyuni, katika barabara inayotoka Bigwa kupitia Kiroka kuelekea Matombo, Mvuha na Kisaki, ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili. Kata hiyo iko upande wa mashariki wa Uluguru, unaopokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na kwa sababu hiyo upande huo hupata mvua nyingi zaidi kuliko ule wa magharibi. Vijito vya mashariki huuongezea maji Mto Ruvu, tegemeo la wakazi wa Pwani na Dar es Salaam. Vya kaskazini huteremkia Ngerengere, ambao nao huishia Ruvu.

Miteremko ni mikali na safari ya maji ni fupi. Mvua inayonyesha usiku katika msitu wa juu huweza kufika darajani asubuhi, wakati bondeni halijadondoka tone. Wakulima wa ndizi, viungo na karafuu wa ukanda huu wanalijua jambo hilo tangu utotoni. Wanaolisahau ni wale wanaochora ramani za mitaro wakiwa wameukalia mji tu, kana kwamba mafuriko yanaanzia pale yanapoonekana.

Chini ya miteremko hiyo kuna hazina ya majengo ambayo umri wake haulingani. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walijenga vituo vyao kuelekea bara: Mhonda mwaka 1877, Morogoro mwaka 1882, na baadaye Matombo, ndani ya Uluguru. Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907 na kuleta stesheni, maghala na nyumba za watumishi. Utawala wa Kijerumani uliacha majengo ya boma, na wafanyabiashara wenye asili ya Asia waliacha maduka yenye baraza. Misikiti na makaburi ya zama za misafara yapo pia, na ipo misitu ya matambiko ya koo za Waluguru, ambayo haina ukuta wala paa lakini ni urithi kama majengo yalivyo.

Maji yanavyoliua jengo la kale

Ni nadra jengo la kale kuanguka siku ya mafuriko kama ukuta wa Simbamwene. Mengi hufa polepole, na mara nyingi dawa ndiyo inayoyamaliza.

Kuta za majengo mengi ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zilijengwa kwa mawe, matofali ya kuchoma au udongo, zikaunganishwa na kupigwa lipu kwa chokaa. Kuta za aina hiyo hupumua. Maji hupanda kutoka ardhini ndani ya ukuta, kisha hutoka taratibu kupitia lipu ya chokaa na kukauka. Baada ya mafuriko, mwenye nyumba anayeona ukuta umelowa hadi magotini hukimbilia saruji, akiamini ni imara zaidi. Saruji hufunga njia ya unyevu. Maji yanabaki ndani, yanapanda juu zaidi, chumvi inakusanyika na kuvunjavunja mawe na matofali nyuma ya lipu inayoonekana safi. Baada ya misimu michache lipu hubanduka vipande vikubwa ikiwa imeshikilia uso wa ukuta wenyewe. Fundi huitwa tena, naye huongeza saruji.

Jambo la pili ni kuinuka kwa ardhi kuuzunguka ukuta. Barabara inapokarabatiwa, kila mara tabaka jipya huwekwa juu ya la zamani. Jengo lililokuwa na ngazi tatu za kupandia hubaki na moja, kisha sakafu yake inakuwa chini ya usawa wa barabara. Hapo hakuhitajiki mafuriko ya mto, kwa kuwa mvua ya saa moja inatosha kuligeuza jengo kuwa bwawa. Suala hili lina uzito katika ukanda wa Mkuyuni, kwa kuwa barabara ya Bigwa hadi Mvuha imo katika mipango ya ujenzi kwa kiwango cha lami. Lami ni neema kwa mkulima anayesafirisha mazao. Pamoja na neema hiyo, lami hukusanya maji yote yaliyokuwa yakinywewa na udongo na kuyamwaga mahali pamoja, kwenye mdomo wa kalvati. Anayepanga mdomo huo uelekee wapi ndiye anayeamua jengo gani litasimama miaka 50 ijayo.

Jambo la tatu ni uchimbaji. Mtaro wenye kina unaochimbwa sambamba na ukuta usio na msingi wa zege huuondolea mguu wa kusimamia. Majengo mengi ya kale yana msingi wa mawe usio na kina kirefu, na mtaro wa mita moja na nusu kando yake ni hatari kuliko mafuriko ambayo mtaro huo ulikusudiwa kuyazuia.

Funzo la reli ya Kilosa

Urithi wa ujenzi unaobeba mzigo mkubwa zaidi mkoani Morogoro si kanisa wala boma, ni reli. Kutoka Kilosa kwenda Gulwe, wahandisi wa Kijerumani waliipitisha njia ndani ya bonde la Mto Mkondoa kwa kuwa ndiyo nafasi pekee ya kupanda kuelekea Dodoma kwa mwinuko ambao injini za wakati huo zingeuweza. Tangu hapo reli na mto vimekuwa vikigombea bonde moja.

Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulishinda. Tuta la Mkondoa lilipasuka, maelfu ya wakazi wa Kilosa walilazimika kuhamia kambini, na sehemu za njia ya reli zilisombwa kiasi kwamba safari kupitia eneo hilo zilisimama kwa miezi. Kuharibika kwa Bwawa la Kidete, lililokuwa likipunguza kasi ya maji juu ya bonde, kuliongeza ukali wa mafuriko. Januari 2014 maji yaliharibu makazi katika maeneo ya Magole na Dumila, pamoja na daraja la Dumila katika barabara ya Morogoro kwenda Dodoma.

Jibu la Serikali kwa upande wa usafiri limekuwa la namna mbili. Reli ya Kisasa, iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024, inapita Kilosa kwa njia ya juu zaidi na kwa mahandaki yaliyochimbwa milimani, hivyo haigombei tena sakafu ya bonde. Kwa upande wa reli ya zamani, kazi ni kuimarisha madaraja, kuelekeza mto na kudhibiti maji kwenye mabwawa ya juu. Ndiyo kusema njia ya mwaka 1907 na kuendelea haikubomolewa ili kuupisha mto, wala mto haukulazimishwa kuipisha njia. Mzigo mzito umehamishwa, na urithi umebaki na kazi unayoiweza. Si kila jengo linaweza kupewa suluhisho la gharama hiyo, lakini mantiki yake inafaa hata kwa stesheni ndogo.

Sheria inasema nini

Sheria ya Mambo ya Kale Na. 10 ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, ndiyo msingi wa ulinzi wa malikale Tanzania Bara. Sheria hiyo inayalinda moja kwa moja majengo na miundo iliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya mwaka huo hayapati ulinzi mpaka Waziri mwenye dhamana ayatangaze katika Gazeti la Serikali. Jengo likishatangazwa, haliruhusiwi kubomolewa, kubadilishwa wala kuongezwa bila kibali.

Mwaka 1863 una maana kubwa kwa Morogoro. Ukitazama tarehe zilizotajwa katika makala haya, yaani 1877, 1882 na 1907, zote ziko upande usio na ulinzi wa moja kwa moja. Jengo la misheni linaweza kuwa na umri wa zaidi ya miaka 140 na bado, kisheria, likahesabiwa sawa na duka lililojengwa juzi, endapo hakuna aliyeomba litangazwe. Mkandarasi wa mtaro anapofika, haoni katika nyaraka zake kitu chochote cha kumzuia. Hapo ndipo majengo mengi yanapopotea, na yanapotea kihalali.

Sera ya Malikale ya mwaka 2008 inazitaka mamlaka za Serikali za Mitaa na jamii kushiriki katika kuzitambua na kuzitunza malikale zilizo katika maeneo yao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za tathmini za mwaka 2005 na marekebisho ya mwaka 2018, inaelekeza miradi mikubwa ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya kuanza, na athari kwa urithi wa kiutamaduni ni sehemu ya tathmini hiyo. Tathmini inayopita juu juu huandika kwamba hakuna malikale katika eneo la mradi kwa sababu tu hakuna iliyoorodheshwa.

Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Masharti hayo yana faida iliyo wazi kwa usalama na kwa vyanzo vya maji. Ugumu unajitokeza pale jengo lenye historia lilipoutangulia utaratibu huo kwa zaidi ya karne, kwa kuwa waasisi wa misheni na mashamba walijenga karibu na maji kwa makusudi. Katika hali hiyo uamuzi unahitaji wataalamu wa mto na wa malikale wakae meza moja, wakiwa na vipimo vya usawa wa maji wa miaka iliyopita, badala ya kila upande kuandika barua yake.

Uzoefu wa Kilwa na Mizingani

Nchini upo uzoefu wa kupatanisha pande hizo mbili, ingawa umetoka pwani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mawimbi yanayokula ufukwe yalikuwa miongoni mwa sababu. Bahari ilikuwa imeifikia Gereza, ngome iliyo ukingoni mwa maji, na ilikuwa ikiukaribia Msikiti wa Malindi na makaburi yake. Kazi iliyofuata ilichanganya kuta za kuzuia mawimbi, ukarabati wa kuta za kale kwa chokaa na upandaji wa mikoko, huku wakazi wa kisiwa wakishiriki. Mwaka 2014 magofu hayo yaliondolewa katika orodha ya hatari.

Kinachostahili kuangaliwa hapo ni mikoko. Ukuta wa mawe huzuia wimbi mahali ulipo na kulisukumia pembeni. Mikoko hulichosha wimbi kabla halijafika. Kwa Zanzibar, ukuta wa bahari wa Mizingani, uliojengwa mbele ya Mji Mkongwe chini ya Mradi wa Huduma za Miji Zanzibar, ulikuja pamoja na mitaro ya kuondoa maji ya mvua katika maeneo ya Ng'ambo. Mpango huo ulitambua kuwa maji yanayousumbua mji wa kale hayatoki baharini peke yake.

Mikoko ya Morogoro ni msitu wa Uluguru. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kazi za Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake mjini Morogoro, kwa kawaida hutajwa katika taarifa za misitu na maji. Ni haki zitajwe pia katika taarifa za malikale, kwa kuwa kila hekta ya msitu inayobaki juu ya Mkuyuni hupunguza kasi ya maji yatakayofika kwenye msingi wa jengo lililo chini.

Mlima, hata hivyo, hautunzwi kwa amri peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 utawala wa Mwingereza ulianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru na kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ya kuulinda udongo ilikuwa na msingi, lakini matuta yale yaliongeza kazi, na wakulima waliona yanaharibu mashamba yao badala ya kuyastawisha. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mpango ukaachwa. Wazee wa ukanda huu bado wana kumbukumbu ya matuta hayo, na ofisa anayekwenda kuzungumzia kinga ya mafuriko vijijini hana budi kuijua historia hiyo kabla ya kufungua mkutano.

Yanayowezekana kabla ya masika ijayo

Hatua isiyo na gharama kubwa kuliko zote ni orodha. Kijiji au kata inaweza, kupitia Afisa Utamaduni wa Halmashauri, kuwasilisha taarifa ya majengo yenye historia: mahali lilipo, mwaka wa ujenzi kama unajulikana, mmiliki, vifaa vilivyotumika, picha za pande zote na alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kufika ukutani. Alama hiyo ya maji, ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa uchafu wa kupakwa rangi, ni kumbukumbu muhimu kwa mhandisi wa mitaro. Isafishwe baada ya kupimwa. Taarifa ikifika Idara ya Mambo ya Kale, katika Wizara ya Maliasili na Utalii, ndiyo inayoweza kuanzisha mchakato wa jengo kutangazwa katika Gazeti la Serikali.

Mwananchi ana nafasi pia wakati wa tathmini ya mradi. Wataalamu wanapoitisha mkutano wa wadau wa barabara, bwawa au mtaro, ndipo mahali pa kutaja kanisa, msikiti, kaburi la mwasisi au msitu wa matambiko ulio katika njia ya mradi. Hoja iliyoingia kwenye muhtasari kabla ya mkataba kusainiwa hugharimu kusogeza mstari kwenye karatasi. Hoja hiyo hiyo ikitolewa baada ya greda kufika, hugharimu fidia, kuchelewa kwa kazi na wakati mwingine kesi.

Kwa wamiliki na walezi wa majengo ya kale, kazi za kabla ya mvua ni za kawaida: kuzibua mifereji ya paa, kuondoa udongo na takataka zilizorundikana ukutani, kuhakikisha maji ya uwanjani yanakwenda mbali na msingi, na kukata miti inayoota nyufani kabla mizizi haijanenepa. Maji yakiingia, samani na nyaraka ziondolewe, milango na madirisha yaachwe wazi, na ukuta uachwe ukauke wenyewe kwa wiki au miezi. Hakuna sababu ya kuwasha moto ndani ili kuharakisha, wala ya kupiga lipu mpya wakati ukuta bado una baridi ukiushika. Ukuta ukishakauka, fundi atumie chokaa.

Utabiri wa mvua za msimu hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya masika na vuli, na kamati za usimamizi wa maafa za ngazi mbalimbali hupanga hatua kwa kuutumia. Kamati za kata zinazoandaa orodha ya kaya zilizo mabondeni zinaweza kuongeza safu moja ya majengo yenye historia, jina la mwenye ufunguo na namba yake ya simu. Jengo la misheni au shule ya zamani lililojengwa mahali pa juu mara nyingi ndilo hilo hilo linalowapokea watu maji yanapoingia majumbani.